Bandeji Iliyohama Mukono

Leo nimejivua nguo mbele ya wakwe, na suti ilikuwa mwilini.

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani. Ni saa kumi na moja za jioni, na tangu wageni waondoke hakuna mutu aliyenigongea mulango hata kuniuliza kama niko hai. Nimeona niwaambie ninyi wa group kwanza, maana kufika kesho kila mutu wa Goma atakuwa na habari yake. Afadhali mupate ya kwangu. (Ya kwangu pia inanitia aibu. Sasa fikirieni za wengine.)

Kwa wale mulioingia juzi: mimi ni Espoir, fundi wa nguo, mutoto wa kwanza kwetu. “Forakor” munayoniitaka ni jina la kunicheka tu. Ni neno la Kifaransa la watu wa sinema, maana yake kosa la kitu kubadilika kati ya picha moja na nyingine bila sababu. Jenerali anavuta sigara fupi, kamera inageuka, inarudi, sigara imerefuka. Hilo ni forakor. Na mimi, filamu za zamani za vita, zile za rangi iliyochakaa na majenerali wa sharubu, siziangalii. Nazikagua.

Nimeona mengi. Nimeona askari akifa juu ya daraja, nusu saa baadaye yuko kwenye foleni ya supu. Nimeona mulinzi anaingia mutoni na shati iliyopasuka begani, anatoka ng'ambo na shati nzima, imepigwa pasi. (Nani aliipiga? Kiboko?) Nimeona kifaru namba saba kinapita nyuma ya kanisa na kutokea kikiwa namba nne. Na siku moja, kwenye chumba cha video kilichojaa watu, nikaona kijiji kizima kinakimbia vita bila bidon ya maji hata moja. Bila godoro. Bila sufuria. Kuna mama alikuwa anakimbia na mukoba mudogo wa kwenda harusini! Nikasimama. Nikasema kwa sauti: “Huyu aliyetunga hii hajakimbia hata siku moja!”

Watu wakapiga makofi. Muzee mumoja akanipa mukono.

Hiyo ndiyo siku iliyoniharibu. Toka hapo niliamini macho yangu kuliko kitu chochote.

Mama anasemaka: “Espoir, vita tumeikimbia kwa miguu, na wewe bado unaenda kuiangalia umekaa.” Namujibu: “Mama, ile ya sinema iko na makosa. Inanituliza.” Ni kweli. Shida ni kwamba nikitoka kwenye video, macho hayazimiki. Jirani ananiambia alishinda nyumbani, naangalia viatu vyake: tope jekundu. Tope la Goma ni jeusi! Hilo jekundu amelitoa wapi? Sijamuuliza. Nimeandika tu kichwani.

Sasa sikieni.

Miezi minane iliyopita mudogo wangu Furaha alituambia kuna mutu. Huyo mutu ananunua samaki Vitshumbi, anawauza hapa mujini. Jina lake Innocent. (Hilo jina peke yake lilinitosha kumushuku. Mutu asiye na kosa, ya nini kutangaza?) Mama alimupenda upesi. Mimi nilisema nitaangalia.

Jumatano ya wiki hii Furaha akatuma foto kwenye group ya familia: “Tumuombee Innocent, ameanguka na pikipiki huko Mugunga.” Foto Innocent alijipiga mwenyewe na telefone yake. Amekaa kwenye kiti cha plastiki, uso wa kuhurumiwa, mukono wa kuume umefungwa bandeji nyeupe toka kiwiko mpaka karibu na vidole. Watu wakatuma alama za mikono ya kuomba. Mama akatuma zaburi nzima.

Mimi nikaikuza ile foto.

Macho ya fundi yanaona vifungo kwanza, halafu mutu. Shati ya mwanaume, vifungo viko upande wa kuume wa yule anayeivaa. Shati ya mwanamuke, viko kushoto. Hilo fundi anafundishwa siku ya kwanza, kabla hajagusa sindano. Na shati ya Innocent, vifungo vilikuwa kushoto.

Nilikaa chini.

Yaani mutu anaposa mudogo wangu, na yuko ndani ya shati ya mwanamuke. Mwanamuke gani? Aliivaa wapi? Kwa haraka gani?

Halafu hiyo Mugunga. Samaki ya Vitshumbi inashuka na barabara ya Rutshuru, kutoka kaskazini. Mugunga iko magharibi, njia ya Sake. Nikamupigia Furaha simu.

“Mutu wako alikuwa anatafuta nini Mugunga?”

“Alienda kusalimia koko yake.”

“Koko gani?”

“Espoir! Koko yake, mama ya mama yake. We uko na koko wangapi?”

Nikakata simu. Lakini nikawaza: kila mwanaume akiulizwa alikuwa wapi, alikuwa kwa koko.

Leo Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya familia yake kuja kujitambulisha. Tuliomba saloni, ile sebule ya baba mukubwa, kaka ya marehemu baba yetu, huko Himbi, kwa sababu ya kwetu wageni wakikaa wenyeji wanabaki nje. Nikavaa suti yangu ya kijivu, ile niliyoishona mwenyewe kwa wiki tatu. Kabla hatujatoka, mama akanishika kola.

“Espoir. Leo kinywa chako ni cha kula tu.”

“Ndiyo, mama.”

“Rudilia.”

“Kinywa changu ni cha kula tu.”

(Mama yangu ananijua. Hilo linaniuma kuliko yote.)

Saa tano wakafika, watu kumi na mumoja. Musemaji wao alikuwa baba mudogo wa Innocent, mwanaume murefu mwenye sauti ya kusoma misa. Nyuma yake yule koko wa Mugunga, mudogo wa mwili, kitenge cha buluu, fimbo mukononi, ambaye alisalimia kila mutu mara mbili kama anahakikisha. Mwisho kabisa Innocent mwenyewe. Amenyoa vizuri. Viatu vinang'aa. Akainama kwa mama, akainama kwa baba mukubwa, akanigeukia mimi.

“Jambo, shemeji.”

Nilikuwa siangalii uso. Nilikuwa naangalia mukono.

Bandeji ilikuwa kushoto.

Ndugu zangu, jasho lilishuka ndani ya suti. Nikakaa, nikatoa telefone chini ya meza, nikafungua ile foto. Kuume. Nikainua macho. Kushoto. Foto: kuume. Saloni: kushoto. Forakor safi kabisa, bila kulipa kiingilio, na mutu yuko mita mbili anakunywa maji ya matunda ya baba mukubwa.

Nikamuinamia mama.

“Mama. Angalia mukono.”

“Nimeuona, masikini. Mungu amusaidie.”

“Si huo mukono.”

“Iko mukono gani mwingine?”

“Ndiyo nasema!”

Akanikanyaga kiatu.

Nikatulia, lakini sasa kila kitu kilikuwa kinapiga kelele. Niliona Innocent ameacha glasi nusu. Nikageuza shingo kidogo, niliporudi glasi imejaa! (Binamu yangu alikuwa amepita na jagi. Hilo nimeambiwa baadaye.) Baba mudogo wake alisema ajali ilikuwa Jumatano asubuhi. Furaha alikuwa ameniambia mangaribi, jua likizama. Nikaona siwezi kula tu. Nikajipa ruhusa ya swali moja, la upole.

“Shemeji, pole sana. Na yule dereva wa pikipiki aliyekubeba, yeye aliumia wapi?”

Innocent akameza.

“Yeye... hapana. Hakuumia.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo.”

“Na pikipiki?”

“Iko muzima.”

“Mutu yuko nyuma anaumia, dereva yuko mbele haumii, na pikipiki haina hata—”

Koko akakohoa. Kikohozi kirefu, cha kusimamisha mambo.

“Mutoto yangu,” akaniambia, “tuachie habari ya pikipiki. Mungu alimulinda. Tuongee ya furaha.”

Watu wakacheka, kwa sababu ya jina la Furaha. Mimi sikucheka. Nikamuangalia koko na yeye nikamuandika kichwani.

Mazungumzo yakaenda vizuri. Vizuri sana, ndiyo shida. Baba mukubwa alimusifu Innocent, baba mudogo alimusifu Furaha, Furaha mwenyewe akaitwa, akaja na gauni la kijani nililomushonea, akakaa karibu na tanti Riziki. Tanti Riziki ni dada ya baba, muganga wa hospitali wa miaka mingi, mutu asiyeshangazwa na kitu. Furaha alikuwa anang'aa. Alikuwa anaangalia sakafu na kucheka peke yake. Halafu baba mukubwa akasimama, akafunga kifungo cha koti.

“Basi,” akasema, “kama hakuna mwenye neno...”

Munajua vile anasemaka hivyo kwa heshima tu. Hakuna anayekuwaka na neno.

Nilikuwa nalo.

“Baba mukubwa, samahani. Katika posa hii kuna forakor.”

Hata wa jikoni walikuja kuchungulia.

“Kuna nini?” akauliza baba mudogo wao.

“Forakor. Kosa. Jumatano, ilitumwa foto ya huyu ndugu, tukaomba, mama akatuma zaburi. Mukono uliofungwa ulikuwa wa kuume. Leo hii uliofungwa ni wa kushoto. Nauliza: kidonda kinahama? Kimepita njia gani? Na shati aliyovaa siku ile,” hapo sauti yangu ilikuwa imepanda sana, nakiri, nilianza kusikia makofi ya video, “shati ile ni ya mwanamuke! Mimi ni fundi, vifungo havinidanganyi! Kwa hiyo naomba, kabla baba mukubwa hajasema neno, hiyo bandeji ifunguliwe hapa.”

Furaha akainua uso. Sitaki kueleza ule uso. Haukuwa wa hasira bado. Ulikuwa wa mutu anayesubiri aambiwe kwamba amesikia vibaya.

“Espoir,” mama akasema polepole, “kaa.”

“Ifunguliwe tu,” akasema Innocent.

Hakusema kwa kiburi. Alinyoosha mukono juu ya meza, kando ya sahani kubwa ya sambaza, vile visamaki vya ziwa, za kukaanga, akamuangalia tanti Riziki. Tanti akavuta kiti, akaosha mikono, akaanza kufungua. Taratibu. Mizunguko mingi. Na mimi, kwa vile nilikuwa mukaguzi, nilisogea. Nikainama karibu kabisa. Nilikuwa nawaza: nitaijua mara moja, damu ya uongo siku zote ni nyekundu kupita kiasi, kama rangi ya kucha.

Kitambaa cha mwisho kikatoka.

Kidonda kilikuwa cha kweli.

Kilikuwa kirefu. Kilikuwa na nyuzi nyeusi, moja, mbili, tatu, na ngozi imevutana kama mushono wa mutu anayejifunza, na pembeni kulikuwa na rangi ambayo hakuna filamu iliyonionyesha. Nakumbuka niliwaza, kama fundi: hapa wangeweka nyuzi fupi zaidi. Nakumbuka tanti Riziki alisema: “Mm. Imekatwa safi, kama na kisu.” Halafu saloni ya baba mukubwa ikainama upande wa ziwa.

Mimi, mutu niliyeangalia vita vyote vya dunia hii nikitafuna karanga, nilianguka kama gunia la maharage.

Sikuanguka chini. Ingekuwa neema. Nilianguka kwenye sambaza.

Nilipofungua macho nilikuwa nimelala kwenye kapeti. Mutu alikuwa ameninyanyua miguu juu ili damu irudi kichwani. Nikamuangalia vizuri. Alikuwa Innocent, ameishika miguu yangu yote miwili na mukono wake mumoja uliobaki. Koko alikuwa ananipepea na ncha ya kitenge. Kulikuwa na sambaza ndani ya mufuko wa koti langu, wa juu, mahali pa kitambaa. Kichwa chake kilikuwa nje.

“Ameamuka,” koko akatangaza.

Mutu mwenye akili angezirai tena. Mimi nikasema: “Lakini foto.”

(Naomba munielewe. Nilikuwa bado sijarudi kabisa.)

“Foto iko wapi?” Furaha akauliza. Sasa ile hasira ilikuwa imefika. Akanipokonya telefone mukononi. Akaiangalia. Akaikuza na vidole viwili. Halafu akanirudishia, akanionyesha kwenye foto kitu nyuma ya Innocent, kibao kwenye ukuta wa kituo cha afya, ambacho sikuwahi kukiangalia kwa sababu nilikuwa kwenye vifungo.

“Soma hapa.”

“Furaha—”

“Soma kwa sauti. Watu wote wasikie.”

Nikasoma. “T... N... E... M... E... S... N... A... P.”

“Ni lugha gani hiyo?” akauliza baba mukubwa.

“Sijui,” nikasema. “Kirusi?”

Furaha akaenda ukutani, akang'oa kioo cha baba mukubwa kwenye musumari, akakiweka mbele ya telefone.

PANSEMENT. Pale wanapofungia vidonda.

“Telefone yake ukijipiga inageuza,” akasema. “Kama kioo. Kuume inakuwa kushoto, kushoto inakuwa kuume. Herufi zinageuka. Na vifungo vinageuka, fundi!”

Nikaangalia kwenye kioo. Bandeji ikarudi kushoto. Vifungo vikarudi kuume. Ile ilikuwa shati ya mwanaume, ya kawaida, tena imeshonwa vibaya kidogo kwenye kola. Hapakuwa na mwanamuke. Hapakuwa na kitu.

Mutu mumoja wa upande wao akaanza kucheka, halafu wa pili, halafu binamu yangu akalazimika kuweka jagi chini. Lakini baba mudogo wa Innocent hakucheka. Alisimama, akachukua kofia yake.

“Baba mukubwa,” akasema, “tulikuja na mutoto wetu akiwa na maumivu, hakutaka kuahirisha, alisema atawaheshimu. Tumeitwa waongo. Tumefunguliwa kidonda mezani. Nafikiri turudi kwetu, tuongee.”

Na watu wake wakaanza kusimama kweli. Kiti kimoja, kiti cha pili. Kicheko kikakatika. Nikamuona Furaha, mukono kwenye kinywa. Gauni lile la kijani lilikuwa linatetemeka kwenye mabega, na nilijua kila mushono wake.

Nikapiga magoti. Si kwa heshima, miguu ilikuwa bado haijarudi, lakini ilionekana kama heshima.

“Baba mudogo,” nikasema, “kosa ni langu peke yangu. Musimuadhibu Furaha. Kabla ya Innocent kulikuwa na mwingine. Alikuja, nikamupenda mimi kuliko wote. Nilimushonea suti kwa mikono hii. Alikuwa na muke na watoto wawili Butembo. Mimi ninayeona sigara ikirefuka, sikuona kitu. Furaha alifungiwa ndani na aibu miezi mingi, na mimi ndiye niliyekuwa nimemukaribisha yule mutu. Nikajiambia, safari hii hakuna kitakachonipita. Basi nimeona mpaka visivyokuwepo. Mutusamehe.”

Baba mudogo alikuwa anazungusha kofia.

Koko ndiye aliyeongea. Alikuwa amebaki kwenye kiti, hakusimama hata wakati wengine wanasimama.

“Mukae,” akawaambia watu wake. “Mukae, nimesema. Huyu hana roho mubaya, iko na woga tu. Hata mimi, Innocent aliponiambia habari ya Furaha, nilimuuliza maswali siku tatu. Mulitaka mutoto muke asiye na kaka wa kumutetea?” Akanigeukia. “Ila utalipa. Innocent iko na mukono moja. Samaki iko na miiba. Espoir, kuya ukae hapa.”

Na hivyo ndivyo nilivyokula chakula cha muchana, au niseme, nilivyolisha. Mbele ya familia mbili. Nilimunawisha Innocent mukono. Tanti Riziki alikuwa amemufunga tena, ila alimuangalia Innocent kwa jicho fulani na Innocent akaangalia bugali. Nikamumegea bugali. Nikachambua samaki wake, mwiba kwa mwiba, nikaweka upande wa sahani, na kila nilipopitiwa na kamwiba kadogo koko alikuwa anagonga fimbo: “Pale! Iko moja pale! Si unaonaka?” Suti yangu ya wiki tatu ilikuwa inanuka mafuta ya sambaza mpaka mama alihamia kiti kingine.

Baba mukubwa akasema neno lake baada ya chakula. Wamepokelewa. Akina mama wakapiga vigelegele. Furaha alimuangalia Innocent, Innocent akamuangalia Furaha, na mimi nikiwa katikati na mwiba kidoleni. Furaha akaniambia maneno mawili tu: “Tutaongea.” Sijui lini. Sina haraka.

Sasa sehemu ya mwisho, na hii muisome mukiwa mumekaa.

Wageni wakiwa wanaaga na kelele imejaa, Innocent akaniinamia sikioni.

“Shemeji. Kuhusu pikipiki.”

“Iko nini?”

“Hakukuwa na pikipiki.”

Niligeuka polepole kama kifaru.

“Koko iko na bata mzinga,” akanong'ona. “Dume. Ananichukia toka zamani. Jumatano aliniona natoka choo. Nikakimbia, nikaruka ukuta wa mawe, nikaangukia mabati. Ningemuambia nini Furaha? Kwamba bwana wake amekimbizwa na kuku mukubwa?”

Nikamutafuta koko kwa macho. Koko alikuwa anaiangalia fimbo yake kwa bidii, kama ameiona leo kwa mara ya kwanza.

Ndugu zangu, nilikuwa na haki! Dereva asiyeumia, pikipiki muzima, kidonda safi kama cha kisu, kikohozi cha koko, vyote vilikuwa forakor vya kweli, na nilivishika kwa mikono yangu, na nikaviacha vipite ili nikimbilie vifungo! Na sasa siwezi kufungua kinywa. Nikimusema, nani ataniamini? Mutu wa Kirusi?

“Apa,” akaniambia, “hautamuambia mutu.”

Nikaapa. Alikuwa ameninyanyua miguu na mukono mumoja, ningekataaje? Niliapa kwamba sitamuambia mutu yeyote. (Ninyi si mutu. Ninyi ni group.)

Kwa hiyo nawaomba kwa heshima zote: musicheke, musitume hii popote, na habari ya bata mzinga isifike kwa Furaha hata siku moja.

Ngoja. Hapo juu naona imeandikwa “Furaha anaandika...” Nani alimuingiza humu?